Unga mweusi wa betri ya redio

Betri za redio zikiisha, wengi wetu kuanzia Mgeta hadi Matombo huzianika juani. Joto huziamsha kidogo tu; halizichaji.

Mkebe wa betri hizo za kawaida ni zinki, na unga wake mweusi una oksidi ya manganizi. Vitu hivyo, pamoja na maji yenye chumvi ya zinki, hutengeneza pia betri ya kuchaji, isiyoshika moto kirahisi kama ya lithiamu. Shida ni kwamba manganizi huyeyuka majini, na kadiri inavyochajiwa betri huchoka. Watafiti huupaka unga huo kaboni, au huongeza chumvi ya manganizi majini, ili idumu.

Betri yako ya kawaida usiichaji: inaweza kuvuja au kupasuka.