Mama Aliyefanywa Mungu katika Misri ya Kale

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, asiye na mzazi wala mwana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu mliokusanyika msikitini, nanyi akina mama na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, Qurani Tukufu yatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Leo twakusudia kutembea kwa fikira hadi Misri. Hatuendi kwa Firauni na majeshi yake, kwani habari zao mmezisikia mara nyingi. Twaenda kwa mama mmoja ambaye Wamisri wa kale walimfanya mungu, wakamwabudu kwa zaidi ya miaka 2,800. Kwa lugha yao jina lake husomwa Aset. Sisi twamjua kwa jina alilopewa na Wayunani, nalo ni Isis.

Jina hilo liliandikwa kwa picha ya kiti cha enzi. Maana yake haikujificha: mfalme aketipo juu ya kiti chake ni kama mtoto aliyepakatwa na mamake. Miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yanayomtaja ni yale yaliyochongwa ndani ya piramidi ya mfalme Unas huko Saqqara, yapata miaka 2,350 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.).

Wamisri walisimulia kwamba mumewe, Osiris, aliuawa na nduguye aitwaye Seth kwa ajili ya ufalme. Isis akazunguka nchi akiutafuta mwili wa mumewe hata akaupata. Kisha akamzaa Horus, akamficha katika matete ya mabwawa, kule mto Nile ugawanyikapo kabla ya kuingia baharini, ili ami yake asimwone. Mtoto akakua, akaurithi ufalme wa babake. Basi kila Firauni aliyetawala alijiita Horus aliye hai, na Isis akahesabiwa kuwa mama wa wafalme wote. Sanamu ndogo za shaba zinazomwonyesha akimnyonyesha mwanawe zimejaa hata leo katika makumbusho ya dunia.

Ibada yake haikubaki Misri peke yake. Wafalme wa Meroe, katika nchi ya Sudan ya leo, walimtukuza. Mabaharia wa Kiyunani walimbeba kutoka bandari hadi bandari, na Warumi wakamjengea mahekalu. Mji wa Pompeii ulipofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79, hekalu lake lilikuwamo, na wachimbuaji wamelikuta.

Mwisho wake ulikuwa Philae, kisiwa kidogo karibu na Aswan. Hapo ndipo yalipochongwa maandishi ya picha ya mwisho yajulikanayo, tarehe 24 Agosti 394. Watu wa Nubia waliendelea kwenda kuzuru, hata mfalme wa Rumi, Justinian, alipoamuru hekalu lifungwe kati ya mwaka 535 na 537. Jengo likageuzwa kanisa. Miaka mia moja baadaye, yaani kati ya mwaka 639 na 642, majeshi ya Waislamu chini ya Amr bin Al-As yaliingia Misri, wakati ambapo dini hiyo ya kale ilikuwa imekwisha kuzimika.

Mawe yakabaki. Abdul-Latif wa Baghdad, mwanachuoni na tabibu aliyekaa Misri katika miaka ya 1200, aliyatazama majengo ya kale kwa mazingatio. Aliusifu ustadi wa mafundi wake, akawalaumu waliokuwa wakiyabomoa kwa tamaa ya hazina. Na katika zama zetu, maji ya mabwawa ya Aswan yalipokizamisha kisiwa cha Philae, hekalu lilivunjwa jiwe moja moja, vipande karibu 40,000, likajengwa upya katika kisiwa jirani cha Agilkia. Kazi hiyo ilifanywa kati ya mwaka 1972 na 1980.

Sasa na tujiulize: ni kitu gani kilichowafunga watu kwa mama huyu kwa muda mrefu namna hiyo? Wafalme walikuwa na sababu yao, lakini mkulima na mvuvi walikuwa na sababu gani? Jibu halimo katika mahekalu. Limo majumbani, penye mtoto mgonjwa.

Wamisri walikuwa na waganga hodari, walioandika dawa zao. Katika hati ya tiba iitwayo Ebers, iliyoandikwa zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Nabii Isa, maziwa ya mama aliyezaa mtoto wa kiume yatajwa kuwa dawa. Wafinyanzi walitengeneza vichupa vya udongo kwa sura ya mwanamke aliyempakata mtoto. Mtoto alipoungua moto au alipoumwa na nge, msomaji wa uganga alimwita mgonjwa kwa jina la Horus, na mama aliyesimama pembeni akawa kama Isis. Walichonga pia vibao vya mawe vyenye sura ya Horus akikanyaga mamba na kushika nyoka. Maji yalimwagwa juu ya maandishi ya kibao, yakakingwa chini, akanyweshwa mgonjwa.

Ndugu zetu, tusifanye haraka kucheka. Nani kati yetu hakumwona mama usiku wa manane, mtoto ana homa kifuani pake, zahanati iko mbali, naye yu tayari kushika chochote atakachoambiwa? Hofu ile ya mama wa Misri ndiyo hofu ya mama wa mtaani kwetu. Tunalopaswa kulitazama ni mahali ilipoelekezwa.

Jiwe moja katika mawe hayo limehifadhiwa vizuri sana. Lilichongwa katika siku za mfalme Nectanebo wa Pili, yapata miaka 350 kabla ya Nabii Isa, na sasa limo katika jumba la makumbusho la New York. Yamo ndani yake masimulizi mawili.

La kwanza lasema kwamba Isis alikuwa safarini akisindikizwa na nge saba. Akafika kwa mwanamke tajiri, naye akamfungia mlango. Binti maskini wa mabwawani akamfungulia wake. Wale nge wakakasirika, wakakusanya sumu yao yote katika mwiba wa mmoja wao, naye akapenya chini ya mlango wa tajiri na kumwuma mtoto wake. Yule mama akatoka akilia mjini, asipate wa kumsaidia. Isis akamhurumia mtoto asiye na kosa, akamponya. Tajiri akajuta, akampa yule maskini mali yake.

Tazameni: hata watu waliopotea njia ya Tauhidi walijua kwamba kumfungia mlango mgeni ni aibu, na kwamba mtoto hachukui dhambi ya mamake.

Simulizi la pili ndilo tulilolikusudia leo. Siku moja Isis alitoka kutafuta chakula. Aliporudi alimkuta Horus amelala hoi, amelowa machozi, hawezi hata kunyonya. Mama huyu, ambaye mama wote wa Misri walimwita wapate kuponyeshewa watoto wao, alimshika mwanawe na asiweze kumponya. Akalia. Majirani wakaja wakalia pamoja naye. Hatimaye akashauriwa alie kuelekea mbinguni. Kilio chake, kwa madai yao, kikasimamisha merikebu ya jua, na mwingine akashushwa kuja kumtibu mtoto.

Basi hayo si maneno ya wapinzani wake. Ni maneno ya makuhani wake wenyewe, waliyoyachonga kwa mikono yao katika jiwe gumu. Aliyeombwa, siku ya dhiki yake aliomba. Aliyekimbiliwa, naye alikimbilia kwingine. Mwenye akili na apime: je, mwenye kuhitaji msaada kwa mwanawe wafaa kumwabudu, au kumhurumia?

Kutoka nchi hiyo hiyo ya Misri tumesimuliwa habari za mama wawili wengine. Wa kwanza ni mama yake Nabii Musa (A.S.), ambaye kisa chake kimo katika Suratul Qasas. Naye alikuwa na mtoto wa kufichwa na mfalme wa kuogopwa, na mto ulikuwa ule ule. Hakupewa uganga. Alipewa ahadi ya Mola wake, akamwachilia mtoto majini hali moyo wake karibu umshinde. Mwenyezi Mungu akamrudisha kifuani pake, akamnyonyesha katika amani, kwa amri ya jumba lile lile lililotaka kumwua.

Wa pili ni Bibi Hajar, ambaye wanavyuoni wetu wamepokea kwamba alitoka Misri, na kwa ajili ya udugu huo Mtume (S.A.W.) aliwausia masahaba wawatendee wema watu wa Misri. Naye aliachwa na kitoto kinachokufa kwa kiu katika bonde lisilo na mmea. Akapanda Safaa, akashuka, akapanda Marwa, mara saba, akitazama kama yuko wa kumsaidia. Maji yakatoka kwa amri ya Mwenyezi Mungu, nayo ni Zamzam.

Hebu mzingatie jambo hili. Kila hujaji, awe mfalme au mchuuzi, hutembea katika nyayo za mama yule, mara saba kama alivyotembea yeye. Ni heshima gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Hata hivyo hakuna anayemwomba Hajar wala anayemchongea sanamu. Twamwomba Yule aliyemjibu Hajar. Uislamu haukumwondolea mama heshima yake. Umemwondolea mzigo asioweza kuubeba, mzigo wa kuwa mungu.

Lakini heshima hiyo isiwe ya mdomo tu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani astahikiye zaidi wema wetu, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Itakuwa fedheha kwetu, tunaojua kwamba mama haabudiwi, kumtupa mama mkongwe kijijini bila kitoweo wala salamu, ilhali wasiojua waliwachongea mama zao mawe. Enyi vijana, waandikieni mama zenu. Enyi waume, mtoto augupo usiku, mama asiachwe peke yake na hofu yake: mbebeni pamoja hadi kwa tabibu, nanyi mmwombe Mola njiani. Na ewe jirani, usifunge mlango.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu walio hai na waliotangulia, uwaponye watoto wetu, na uzielekeze nyoyo zetu kwako peke yako. Amin.