Sauti ya Tatu

Kwenye vibanda vya video mtaani, muvi ilikuwa inaisha pale jambazi mkuu anapoanguka. Mwenye kibanda hakungoja majina. Alichomoa kaseti, akatoa watu nje, akaingiza wengine na shilingi zao. Ndiyo maana vijana wengi walimjua stelingi na jambazi, basi. Wale wengine wote ambao majina yao hupanda polepole kwenye skrini nyeusi, hakuna aliyewahi kuwasoma.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja nyuma ya muvi ambaye kila mtu alimjua kwa jina, na hakuwa hata ameajiriwa na waliotengeneza hiyo muvi. Huyo ni DJ. Yule jamaa anayeongea juu ya picha, anatafsiri, anaongeza chumvi, anampa Mchina tabia za makanga wa Eastlands.

Nimesikia watu wa filamu, wale wasomi, wakisema kwamba DJ Afro na wenzake waliharibu kazi za watu, kwamba walichukua kitu kilichokamilika wakakipaka makelele. Mimi nikiangalia historia ya hizi muvi za mapigano na vichekesho, naona mambo tofauti. Hazikuwahi kukamilika. Mwili ulikuwa wa mtu mmoja, mruko wa mwingine, sauti ya mwingine kabisa.

Tuanze na miili. Mwaka 1973 ilitoka Enter the Dragon, ile ya Bruce Lee ambayo mpaka leo picha zake ziko kwenye matatu na vinyozi. Ile misarakasi ya kurukia nyuma unayoiona humo si ya Bruce Lee. Ni ya kijana anayeitwa Yuen Wah, mtu wa stanti, yaani yule anayeruka na kuanguka kwa niaba ya stelingi. Yuen Wah alilelewa kwenye shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, ambako watoto walifunzwa kuimba, kupiga sarakasi na kupigana kwa kutumia silaha za jukwaani, na ambako kiboko hakikuwa kigeni. Sammo Hung na Jackie Chan walitoka darasa hilo hilo. Opera yenyewe ilikuwa inakufa, watazamaji wakienda sinema, kwa hiyo hawa vijana wakaenda kuuza maungo yao kule pesa ilikohamia. Kwenye Fist of Fury ya 1972, jambazi mkuu anapopigwa teke na kurushwa kupitia ukutani, anayeruka ni Jackie Chan. Uso wake hauuoni. Alikuwa bado hana jina.

Yuen Wah alingoja zaidi. Wengi wetu tulimjua sura mwaka 2004, kwenye Kung Fu Hustle, akiwa yule mwenye ploti mwembamba anayepigwa na mkewe. Miaka 31 baada ya Enter the Dragon! Uliza mtu yeyote mtaani kama anajua ndiye aliyeruka kwa niaba ya Bruce Lee. Atakutazama tu.

Kufikia Police Story ya 1985, Jackie Chan alikuwa mwelekezi na stelingi, na alikuwa na kikosi chake mwenyewe cha stanti. Hapo ndipo unaona kazi ilivyo ya watu wengi. Pale mwisho, kwenye jengo la maduka, watu wanapitishwa kwenye vioo kimoja baada ya kingine mpaka kikosi chenyewe kikaibatiza muvi jina la utani: Glass Story. Kioo cha muvi si cha dirisha la kawaida. Kinatengenezwa kwa sukari au plastiki laini ili kivunjike bila kumchinja mtu, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kukitengeneza, kukipachika, kisha kufagia na kupachika kingine kwa sababu kamera haikupata. Kuna wa kupanga nani anapigwa lini, maana ngumi ikichelewa nusu sekunde hakuna kicheko, kuna maumivu tu. Kuna mhariri ambaye, Jackie anapoteleza kwenye ile nguzo yenye taa, alionyesha mteremko huo mara tatu mfululizo. Mikono ya Jackie iliungua kweli. Na mapema kwenye muvi hiyo, basi la ghorofa lilipofunga breki, watu wa stanti waliotoka kupitia madirisha walitakiwa waangukie gari. Wakaangukia lami. Walioumia ndio hao hao ambao mwenye kibanda alizima televisheni kabla majina yao hayajafika.

Cha ajabu ni kwamba Jackie Chan alishapata dawa ya hilo. Mwaka 1981 aliigiza kwenye The Cannonball Run, muvi ya Marekani iliyoelekezwa na Hal Needham, ambaye naye alianza kama mtu wa stanti. Needham alikuwa na mtindo wa kuweka vipande vilivyoharibika mwishoni, huku majina yakipita. Jackie akaubeba nyumbani. Kwenye Project A ya 1983 unaona majaribio ya ule mwanguko kutoka mnara wa saa. Kwenye Armour of God ya 1986 unaona tawi la mti likikatika huko Yugoslavia, anaanguka, anapasuka fuvu, na watu wa kamera wanatupa kila kitu na kumkimbilia. Ni pale tu ndipo wafanyakazi waliingia kwenye picha. Kwetu vipande hivyo vilikuwa ndiyo sababu pekee ya kumwomba mwenye kibanda asizime.

Sasa sauti. Muvi nyingi za Hong Kong za miaka hiyo zilipigwa bila kurekodi sauti. Waigizaji waliongea, wengine kila mtu na lugha yake, halafu baadaye watu wengine waliingia studio wakaweka maneno. Kuna wakati hata sauti ya stelingi ilikuwa ya mtu ambaye hujawahi kumwona. Ule mlio wa ngumi, ule wa nguo ikikata hewa, vyote vilitengenezwa mezani. Kisha muvi ikauzwa nje, sauti zikafutwa, Wamarekani na Waingereza wakaweka zao. Hiyo ni sauti ya pili. Kwa hiyo kaseti ilipofika Nairobi, na DJ akaweka Kiswahili na Sheng juu yake, alikuwa anafanya kazi iliyokuwa imefanywa mara mbili kabla yake. Tofauti ni kwamba waliotangulia walilipwa na studio, yeye akalipwa na mtaa.

Sisemi hakuna wizi hapo. Mwenye muvi hakupata senti, na DJ mwenyewe alirudufiwa na wauza DVD bila kuulizwa. Lakini wizi ni hoja moja, na kazi ni hoja nyingine. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala walikuwa na ma-VJ wakiongea Kiluganda. Hao wote walikuwa na kazi ya kujua kicheko kinaingia sekunde gani, kama tu yule anayepanga ngumi.

Na ni Kampala ndiko kazi hiyo ilipata kiti rasmi. Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey alikuwa mfyatua matofali kule Wakaliga. Utotoni hakuziona hizo muvi kwenye sinema. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa anazitazama na kumsimulia. Yaani alilelewa na VJ wa nyumbani. Mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions, jina alilounda kutoka kwa nyanya zake wawili, Rachel na Monica. Mkewe Harriet akawa mtayarishaji. Dauda Bisaso akawa anachomelea bunduki na hata helikopta kutoka kwa vyuma chakavu, kisha anaingia mbele ya kamera kuigiza. Damu ilikuwa maji yenye rangi ya chakula ndani ya kondomu. Waigizaji wenyewe ndio waliotembeza DVD nyumba kwa nyumba.

Who Killed Captain Alex? ya 2010, iliyotangazwa kuwa iligharimu chini ya dola 200, ilifika YouTube yote mwaka 2015. Juu yake yuko VJ Emmie, akicheka, akitangaza, akimtania stelingi, akikuahidi kipigo kabla hakijafika. Wakaliga wanamwita Video Joker na jina lake liko kwenye kazi kama la Bisaso. Ile muvi bila sauti yake haipo tena. Nabwana alikuwa na kompyuta ndogo na kazi nyingine ya kufanya, akafuta mafaili kupata nafasi. Ukitaka kuitazama Captain Alex leo, lazima umsikilize Emmie.

Huko Hollywood, Academy ilitangaza mwaka 2025 kwamba wabuni wa stanti watapata Oscar yao, kuanzia na filamu za 2027. Tuzo zenyewe zitakuwa za 100. Yuen Wah alizaliwa 1950.