Wagonjwa Walioamua Kuhesabu

Wasee, kabla mtume tena ile meseji ya "hii dawa ilimponya shosho wangu" kwenye grupu ya familia, skizeni hii historia kwanza.

ALS ni ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Kikombe kinakuponyoka, mguu unaburuta, ulimi unakuwa mzito, mwisho pumzi inakata. Wengi hawamalizi miaka 5. Mwaka 1998 Mmarekani Stephen Heywood, mjenzi wa miaka 29, aliambiwa anao. Mwaka 2004 ndugu zake wawili na rafiki yao wakaanzisha PatientsLikeMe, mahali wagonjwa wanaandika kila kitu wazi: natumia dawa gani, kiasi gani, na mwezi huu mikono bado inafanya nini. Stephen aliaga 2006. Wenzake wakaendelea kuandika.

Halafu 2008, watafiti wa Italia wakachapisha habari moto: wagonjwa 16 waliopewa lithiamu, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili, wote walikuwa hai baada ya miezi 15. Sasa fikiria ni wewe. Unaambiwa ungoje utafiti mkubwa zaidi, na mwili wako unaisha. Utangoja?

Wengi hawakungoja. Waliomba lithiamu kwa madaktari wao. Lakini hawakuishia kuambiana "mimi imenisaidia." Waliandika, mwezi baada ya mwezi, hata hali ilipozidi kuharibika. Mwaka 2011 rekodi za watu 149 waliotumia zikalinganishwa na za wagonjwa waliokuwa wakizorota kwa kasi ileile bila lithiamu. Jibu lilitoka kwenye jarida la Nature Biotechnology: baada ya miezi 12, hakuna tofauti. Majaribio rasmi ya hospitali yakasema vivyo hivyo.

Inauma, najua. Lakini mimi naona walishinda. Waliokuja nyuma yao hawakupoteza miezi yao ya mwisho wakitetemeka mikono na kutapika kwa sababu ya dawa isiyowasaidia.

Sisi grupu zetu zinasikia upande mmoja tu. Aliyepona anatuma voice note ya dakika tano. Ambaye haikumsaidia ananyamaza, na siku moja tunaongezwa kwa grupu ingine, ya kuchangia mazishi yake.

Mimi niliacha chuo, sijifanyi mtaalamu. Hao pia wengi hawakuwa. So mtu akileta dawa, muulize: wangapi walitumia, kwa muda gani, na wale haikuwasaidia wako wapi?