Vito vya mtindo wa Misri ya kale: kipi cha kale, kipi cha kuiga?

Ukiona pini ya kifuani yenye dundu wa buluu na mabawa yaliyozungushiwa almasi, usidhani iliwahi kuvaliwa na malkia wa Misri. Huenda ilitengenezwa Paris au London miaka mia moja tu iliyopita. Kazi ngumu kwa wanunuzi na makumbusho ni kujua sehemu ipi ya pini hiyo ni ya kale kweli.

Mtindo huu ulivuma Ulaya baada ya Napoleon kuivamia Misri mwaka 1798, ukapata nguvu tena Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869. Wimbi kubwa lilifuata baada ya Novemba 1922, Howard Carter alipolifikia kaburi la Tutankhamun huko Luxor. Kwetu kumwita mtu firauni ni tusi. Ulaya ya wakati ule wenye fedha walitaka kupambwa kama yeye.

Dundu mwenyewe ni yule anayebingirisha kinyesi. Wamisri walimtazama akisukuma duara lake, wakaona mfano wa jua linavyosukumwa angani, wakamfanya alama ya mungu Khepri na ya kuzaliwa upya. Walimchonga kwa akiki, feruzi na lapis lazuli iliyotoka mbali, Afghanistan. Wengi walitengenezwa kwa fayansi: unga wa mchanga uliofinyangwa na kuchomwa, ukapata mng'ao wa buluu kutokana na shaba.

Utata unaanzia hapa. Kampuni ya Cartier ilichukua vipande halisi vya fayansi ya kale na kuvipachika kwenye vito vipya vya almasi na platinamu. Chekoslovakia nayo ilitoa madundu ya kioo ya bei nafuu. Kwa hiyo muhuri wa sonara utakuambia umri wa dhahabu, lakini umri wa dundu hauutaji. Wataalamu humgeuza tumboni kutazama maandishi na tundu lililotobolewa kwa urefu, ingawa waigaji nao hilo wanalijua.

Umri huo una uzito wa kisheria. Zamani biashara hii iliruhusiwa Misri. Hata Makumbusho ya Cairo yalikuwa na chumba cha kuuzia vitu vya kale. Sheria namba 117 ya mwaka 1983 ikaipiga marufuku. Leo dundu wa kioo anauzwa bila maswali, ila dundu wa kweli asiye na karatasi zinazoonyesha alitoka Misri lini na kwa njia gani anaweza kuzuiwa mnadani na kudaiwa arudishwe.