Wachezaji Wawili Walioketishwa Benchi

Ikiwa umepata kusimama kando ya uwanja siku timu uipendayo iliposhindwa mara tatu mfululizo, msomaji, basi wayajua maneno yanayosemwa hapo. Mmoja hudai kwamba timu yote ivunjwe, iundwe upya. Wa pili hushika kwamba waachwe walewale, kwani ndio waliotufikisha hapa tulipo. Wa tatu ana jina la mtu mmoja tu mdomoni, ambaye kwa maoni yake ndiye chanzo cha mabaya yote. Ubishi wa namna hii haukosi popote penye mchezo, na kwa kawaida hufa bila hukumu, maana hakuna ajuaye mambo yangalikuwaje kama shauri la mwenzake lingalifuatwa. Hata hivyo, mwezi wa Aprili mwaka 1942, katika mji wa Toronto nchini Kanada, ubishi huu ulipata jibu ndani ya siku chache tu, na jibu lenyewe ni la ajabu kiasi cha kustahili kusimuliwa.

Hoki tuijuayo zaidi sisi ni ile ya majani, ambayo Kenya iliicheza katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka 1956. Hoki ya Wakanada huchezwa juu ya barafu. Wachezaji sita wa kila upande, mlinda lango akiwa mmojawapo, huteleza kwa viatu vyenye ubapa wa chuma chini ya nyayo, nao hawapiganii mpira wa duara bali kisahani kigumu cha mpira. Kazi hiyo huchosha upesi mno, kwa hiyo wachezaji hupokezana kila mara mchezo ukiendelea. Kupumzika kwenye benchi ni jambo la kawaida. Kuketi hapo tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho ni habari nyingine, na kila atazamaye huielewa maana yake.

Timu ya Toronto iliitwa Maple Leafs. Ilikuwa imelitwaa Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe kuu la mchezo huo, mwaka 1932. Tangu hapo iliingia fainali mara sita, na mara zote sita ikashindwa. Utaweza kuwaza jinsi subira ya mashabiki ilivyokuwa imepungua. Mwaka 1942 walidhani kwamba zamu yao imefika, kwa kuwa katika michezo 48 ya ligi timu yao ilipata pointi 57 na kushika nafasi ya pili, hali wapinzani wao wa fainali, Detroit Red Wings wa Marekani, walipata pointi 42 tu na kuwa wa tano. Kombe lingechukuliwa na timu itakayotangulia kushinda michezo minne.

Detroit wakashinda mchezo wa kwanza 3–2, wakashinda wa pili 4–2, na wa tatu wakashinda 5–2. Ulibaki mchezo mmoja tu, nao ungechezwa kwao.

Yapasa kueleza jinsi timu dhaifu ilivyoweza kuitesa timu yenye nguvu, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Jack Adams, mwalimu wa Detroit, aliona kwamba walinzi wa Toronto walikuwa wazito. Basi akawaagiza vijana wake wasihangaike kukipitisha kisahani katikati ya wapinzani. Wakipige mbali hadi pembeni, nyuma ya walinzi hao, kisha wakikimbilie. Mlinzi mzito hulazimika kugeuka, na agekapo mwenzake keshampita. Ni mbinu isiyopendeza macho, nayo ililaumiwa na waliopenda mchezo wa pasi. Lakini ilifaa.

Sasa mwalimu wa Toronto, Hap Day, alikuwa na mashauri mawili mbele yake. Angeweza kuwaamini watu wake na kungoja bahati igeuke. Shauri hili si la kipumbavu hata kidogo, maana pointi 57 hazikuokotwa njiani, na kushindwa kwa bao moja, mawili au matatu si kushindwa kwa aibu. Au angeweza kubadili watu. Aliamua kubadili, na jina la kwanza alilolifuta liliwashangaza wengi: Gordie Drillon. Huyu ndiye aliyeongoza timu kwa mabao msimu huo, akiwa na mabao 23, na mwaka 1938 aliongoza ligi nzima kwa pointi. Katika michezo mitatu ya fainali, hata hivyo, hakufunga bao. Wa pili kuketishwa alikuwa mlinzi Bucko McDonald, mtu shupavu wa kugonga wapinzani, lakini mzito. Na uzito ndio waliokuwa wakiuwinda Detroit.

Mahali pa Drillon aliwekwa Don Metz, ndugu mdogo wa mchezaji mwingine wa timu hiyohiyo, Nick Metz. Kijana huyo alikuwa amefunga mabao machache sana msimu ule. Jaribu, msomaji, kujiweka mahali pa shabiki wa Toronto aliyeipata habari hiyo siku ya mchezo wa nne. Mwenye mabao 23 ameketishwa, na nafasi yake amepewa mtu anayejulikana zaidi kwa jina la kaka yake! Mimi nadhani ningalikuwa miongoni mwa walionung'unika.

Tarehe 12 Aprili Detroit walitangulia kwa mabao mawili, kisha Toronto wakasawazisha. Katika kipindi cha mwisho Detroit wakapata bao la tatu, na kombe likawa karibu kuonekana mikononi mwao. Ndipo nahodha wa Toronto, Syl Apps, alipofunga bao la kusawazisha tena, na baada yake Nick Metz akafunga la nne, huku ndugu yake akiwa miongoni mwa waliompa pasi. Mchezo ulipomalizika Jack Adams alishindwa kuizuia hasira yake, akaingia barafuni akampiga mwamuzi. Rais wa ligi, Frank Calder, akamfungia asiiongoze timu yake.

Katika mchezo wa tano Day aliongeza damu changa: mlinzi Ernie Dickens, mwenye miaka 20, na Gaye Stewart, aliyekuwa na miaka 18. Toronto walishinda 9–3, na Don Metz peke yake akafunga mabao matatu. Mchezo wa sita wakashinda 3–0. Usiku wa tarehe 18 Aprili watu 16,218 walikusanyika Toronto kwa mchezo wa saba. Detroit walikuwa mbele kwa bao moja hadi kipindi cha tatu, kisha Sweeney Schriner akasawazisha, Pete Langelle akafunga la pili, na Schriner akarudi kufunga la tatu. Hadi sasa hakuna timu nyingine iliyowahi kushindwa michezo mitatu ya mwanzo ya fainali ya kombe hilo kisha ikalitwaa.

Waliotaka timu ivunjwe wameitumia habari hii kuwa ushahidi wao tangu siku ile. Lakini iangalie vizuri. Mlinda lango Turk Broda hakuguswa. Apps hakuguswa. Schriner, aliyefunga mabao mawili usiku wa mwisho, hakuguswa. Day hakuibomoa nyumba. Alitafuta mahali panapovuja. Tena ni haki kukumbuka kwamba tangu mchezo wa tano Detroit hawakuwa na Adams, na hakuna awezaye kupima hasara hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani.

Wala wasifurahi upesi wale wanaopinga kila badiliko kubwa. Mwezi wa Novemba 1947 Toronto hiyohiyo, ikiwa tayari ndiyo bingwa, iliwatoa wachezaji watano kwa Chicago ili impate Max Bentley pamoja na mwingine mmoja. Stewart na Dickens, vijana wa 1942, walikuwa miongoni mwa watano hao. Kombe likachukuliwa tena mwaka 1948, na tena 1949.

Na Drillon? Baada ya ushindi ule wa 1942 aliuzwa kwa Montreal. Huko alifunga mabao 28 katika msimu mmoja, zaidi ya aliyoyafunga msimu wake wa mwisho Toronto, kisha akaingia jeshini, asirudi tena katika ligi hiyo. Mwaka 1975 jina lake liliandikwa katika Jumba la Heshima la Hoki. Toronto, bila yeye, walikutana na Detroit katika nusu fainali ya mwaka 1943. Safari hiyo walishinda Detroit, nao wakaendelea mbele hadi wakalichukua kombe.