Wimbo wa Kuazima

Ukitoka Voi ukashika njia ya Taveta, baada ya mwendo wa kilometa 25 hivi utafika Mwatate, mji mdogo ulio chini ya milima ya Taita, na mashamba ya mkonge yameenea kando yake. Reli ipitayo hapo ilianza kujengwa mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, ili ichukue askari na vyakula vyao kuelekea mpaka wa koloni la Wajerumani. Lakini habari za vita hivyo umekwisha kuzisoma kwingine, msomaji wangu, wala si hizo nilizokusudia kukupa leo. Nataka kukupa jawabu la swali moja nililoulizwa Mwatate, swali ambalo siku ile nililijibu vibaya.

Kila mwaka shule za Kenya hushindana katika tamasha la muziki, na nyimbo za mashindano huwa za namna nyingi. Binti mmoja wa shule ya sekondari alikuwa amepewa kazi mbili: kuimba peke yake wimbo wa Kiitalia, na kuimba pamoja na wenzake katika Mwazindika, ile ngoma ya Wataita yenye midundo mizito. Alinijia jioni moja akasema, "Mwalimu, huu wa Kiitalia ninaujua kwa ulimi tu, maana yake siijui. Ule wa kwetu ninaujua hata nikilala, lakini wako wanaonicheka wakisema ni mambo ya kishamba. Je, wamepata kuwako watu wengine waliosimama baina ya viwili kama mimi?"

Nikamjibu kwa haraka kuwa muziki hauna mipaka. Hilo lilikuwa neno tupu. Mipaka iko, na muziki huilipia ushuru kila uivukapo. Jawabu la haki ni refu zaidi, nalo linaanzia mbali, katika nchi ya Italia.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu wake huimba maneno yao badala ya kuyasema, huku wapiga fidla, tarumbeta na ala nyingine wakiwafuata. Ilizaliwa katika mji wa Florence karibu na mwaka 1600, ikaenea upesi Venice, Naples na miji mingine ya Italia. Haukupita muda mrefu kila mfalme mkubwa wa Ulaya alitaka kuwa na opera katika jumba lake, kama alivyotaka kuwa na farasi wazuri na vyombo vya fedha. Na kwa kuwa mafundi wa kazi hiyo walikuwa Waitalia, Waitalia ndio walioitwa na kulipwa.

Urusi ilichelewa. Opera ya kwanza kuonyeshwa huko ilichezwa Moscow mwaka 1731, wakati wa Malkia Anna, na kundi lililoletwa kutoka Dresden katika Ujerumani. Mwaka 1735 akaja Francesco Araja, mtunzi kutoka Naples, kuongoza muziki katika jumba la Malkia huko St Petersburg, na mwaka uliofuata opera yake ikachezwa. Hebu fikiri hali ya wasikilizaji wale. Nje ni baridi ya Januari, na mto Neva umeganda ukawa barafu. Ndani mishumaa inawaka, wakubwa wamevaa mavazi ya thamani, na mbele yao watu wanapendana na kugombana kwa lugha ambayo wengi wa waliopo hawaijui. Ilibidi mshairi Trediakovsky ayatafsiri maneno, na kijitabu kipigwe chapa, ili mtu ajue kwa nini yule mwanamke jukwaani analia.

Nje ya jumba Warusi walikuwa na nyimbo zao za mavuno, za arusi na za maombolezo, lakini hizo zilihesabiwa kuwa mambo ya watu wa mashamba. Mwaka 1755, wakati wa Malkia Elizabeth, Araja alitunga opera juu ya maneno ya Kirusi yaliyoandikwa na mshairi Sumarokov, nayo ikaimbwa na vijana wa dola ile ile. Lugha ilibadilika, kisa chenyewe bado kilikuwa cha kuazima, kilichotolewa katika hadithi za Wayunani wa kale.

Baadaye safari zikawa za pande mbili. Watunzi wa Italia walizidi kwenda Urusi. Paisiello alikaa huko tangu 1776 hata 1784, na opera yake juu ya kinyozi wa Seville ilisikiwa St Petersburg mwaka 1782 kabla ya kusikiwa kwao. Na vijana wa dola ya Urusi walikwenda Italia kusoma. Wawili kati yao, Berezovsky na Bortniansky, wote wenye asili ya Ukraine, walifika mbali: opera ya Berezovsky ilichezwa Livorno mwaka 1773, na ya Bortniansky ikachezwa Venice mwaka 1776. Walimu sasa walikuwa wakiwasikiliza wanafunzi wao.

Nakuomba utulie kidogo hapa, maana tumefika penye mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hizi. Jina lake ni Caterino Cavos. Alizaliwa Venice mwaka 1775, akaenda Urusi angali kijana, akafanya maisha yake huko, na huko St Petersburg akafa mwaka 1840. Alitumika katika majumba ya michezo ya serikali, akafundisha waimbaji Warusi, akatunga opera nyingi kwa maneno ya Kirusi. Mwaka 1815 alitoa opera iitwayo Ivan Susanin. Huyu Susanin, kwa masimulizi ya Warusi, alikuwa mkulima ambaye mwaka 1613 alilazimishwa na askari wa Poland awaonyeshe njia ya kumfikia mfalme mpya. Naye akawapoteza msituni, wakamwua. Katika opera ya Cavos mkulima anaokolewa mwishoni, kwa kuwa michezo ya siku zile ilipenda mwisho wa furaha.

Mwaka 1830 Mrusi kijana, Mikhail Glinka, alisafiri kwenda Italia. Alikaa huko karibu miaka mitatu, zaidi katika mji wa Milan, akakutana na Bellini na Donizetti, watunzi waliokuwa na sifa kubwa, akajifunza jinsi Waitalia wanavyoitunza sauti ya mwanadamu. Lakini yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba huko ugenini alishikwa na hamu ya kwao, na hamu hiyo ndiyo iliyomwingiza polepole katika fikira ya kutunga kwa Kirusi. Aliporudi akachukua kisa kile kile cha Susanin. Safari hii mkulima anakufa. Na nyimbo anazoimba zimefuata namna ya nyimbo za watu wa mashamba, zile zilizozoeleka kutiwa jukwaani kwa kuchekesha tu. Glinka alizitumia kwa huzuni ya mtu mkubwa.

Opera hiyo, iliyoitwa Maisha kwa ajili ya Tsar, ikapelekwa katika jumba la michezo la serikali. Na mwongozi wa muziki pale ni nani? Ni Cavos. Pima jambo hili, msomaji. Mzee ana opera yake juu ya kisa hicho hicho, imejulikana kwa miaka 20 na zaidi, na sasa kijana analeta ya kwake ambayo yaweza kuisahaulisha ile ya kwanza. Ni vyepesi sana kwa mwongozi kuiangusha kazi ya mwingine. Hahitaji hata kuikataa. Aifundishe kwa ulegevu tu, basi itaanguka yenyewe usiku wa kwanza. Cavos aliwafundisha waimbaji na wapiga ala, na mwezi wa Desemba 1836, kwa kalenda ya leo, akasimama mbele yao akaiongoza mwenyewe. Ikapokewa kwa shangwe. Wako wakubwa walionung'unika kuwa huo ni muziki wa waendesha magari ya farasi. Walidhani wametukana, Glinka aliona neno hilo ni zuri, tena la kweli.

Mwana wa Cavos, jina lake Alberto, alikuwa msanifu wa majengo. Ndiye aliyelijenga upya jumba la Bolshoi la Moscow baada ya kuungua, likafunguliwa mwaka 1856, na ndiye aliyejenga jumba la Mariinsky huko St Petersburg. Mariinsky lilipofunguliwa mwaka 1860, opera iliyochezwa siku ya kwanza ilikuwa ile ya Glinka.

Usidhani mambo yalikuwa matamu daima. Serikali iliendelea kuwatukuza waimbaji wa Italia na kuwalipa vizuri kuliko Warusi. Verdi alipoalikwa, na opera yake La forza del destino ikachezwa kwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1862, watunzi wenyeji waliona uchungu, nami siwalaumu. Mgeni kulipwa zaidi ya mwenyeji kwa kazi ya namna moja ni jambo ambalo hata katika nchi zetu tumelijua. Hata hivyo deni lilianza kulipwa. Mwaka 1901 Mrusi Fyodor Chaliapin alisimama katika jumba la La Scala la Milan akaimba opera ya Kiitalia mbele ya Waitalia wenyewe, wakamshangilia; na mwaka 1964 La Scala na Bolshoi yalitembeleana, kila moja likacheza katika mji wa mwenziwe.

Labda utasema hayo ni mambo ya Ulaya na barafu. Basi turudi pwani kwetu. Sultani Barghash bin Said alitawala Unguja tangu 1870 hata 1888. Masimulizi ya Unguja yasema kwamba alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine. Muziki huo ulipigwa jumbani, maneno yake ya Kiarabu, wasikilizaji wake wateule. Mwaka 1905 chama cha Ikhwani Safaa kikaundwa mjini, nacho mwanzoni kiliimba kwa Kiarabu. Bila shaka umekwisha kuona: Cairo ni Naples, na jumba la Sultani ni jumba la Malkia Anna.

Ukitafuta Glinka wa Unguja, hapo mfano unakatika, nami nafurahi kuwa unakatika. Glinka alikuwa mtoto wa mwenye ardhi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika nyumba ya maskini, akatembeza vyungu mjini kuviuza. Hakuna Sultani aliyempeleka Cairo. Alijifunza mjini kwa waliokubali kumfundisha, kisha akaiimba taarabu kwa Kiswahili, lugha ya wauza vyungu na wanunuzi wao. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, sauti zao zikatiwa katika santuri, na santuri hizo zikauzwa pwani yote. Wimbo wake mmoja unasimulia habari za Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mgeni akatoroka, na mashahidi wakageuzwa kuwa ndio wenye hatia. Ala zilitoka Misri. Kesi ilikuwa ya Unguja, na kila aliyesikiliza aliijua. Siti alifariki mwaka 1950.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia yule binti jioni ile. Nilimwambia baadaye, kwa ufupi kuliko hivi, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za darasa na wenzake wanajaribu ngoma uwanjani. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: lile la kijitabu cha Trediakovsky, kilikuwa na maneno ya lugha zote mbili au ya moja?

Siku ya mashindano niliiona karatasi yake ya Kiitalia kabla hajapanda jukwaani. Alikuwa amemtafuta mtu wa kumfasiria, na chini ya kila mstari ameandika maana yake kwa Kidawida, kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo ndogo. Aliniomba nimshikie karatasi hiyo, akaenda kuimba. Ilipofika zamu ya Mwazindika niliirudisha mfukoni, kwa kuwa kwa wimbo huo hakuhitaji karatasi yoyote.