Mpango wa Tiba Kazi kwa Mtoto Mwenye Usonji Ulitoka Wapi

Mtoto wa miaka mitatu akithibitika kuwa na usonji, mtaalamu wa tiba kazi huandaa mpango. Karatasi yake inauliza mtoto anaweza nini leo, nini kinamtatiza, lengo ni lipi, litafikiwa lini na kwa njia gani, na tutajuaje kwamba limefikiwa. Wazazi wengi huipokea kama wanavyopokea cheti cha dawa: kitu kilichopimwa na wataalamu kikakamilika, kilichobaki ni kutia saini. Historia ya karatasi hiyo inasema vingine. Sehemu zake kuu hazikuzaliwa na utafiti wa usonji. Moja ilitoka katika wadi za wagonjwa wa akili, wakati ambapo hakuna daktari wa Marekani aliyekuwa ameeleza hali hii kwa watoto. Nyingine ilitoka mahakamani na bungeni, kwa msukumo wa wazazi. Elimu ya hisi na neva, ambayo leo wengi hudhani ndiyo tiba kazi yenyewe, ilistawi pembeni ya muundo huo na haikuuumba. Nashikilia kwamba jambo hili lina uzito hadi leo, kwa sababu mpango umezaa matunda pale ulipoanzia kwenye siku ya mtoto na kwa watu wanaoishi naye, na umepotea pale ulipoanzia kwenye nadharia kisha ukamtafuta mtoto wa kuitumia.

Fani yenyewe ilipata chama chake cha kwanza Machi 1917, huko Clifton Springs, jimbo la New York, katika mkutano wa watu wachache sana. Walikuwamo msanifu majengo George Barton, aliyejifunza thamani ya kazi za mikono kutokana na ugonjwa wake mwenyewe, daktari wa magonjwa ya akili William Rush Dunton, na Eleanor Clarke Slagle, aliyepata mafunzo yake Chicago. Kwa suala letu, Slagle ndiye wa kumtazama. Aliwahudumia wagonjwa waliokaa wadini miaka mingi hadi wakasahau hata kujinawisha, na akaona kwamba kuwapa ususi wa vikapu saa moja kwa wiki hakutoshi. Akaipanga siku yao nzima, saa zote 24: kuamka, kunawa, kuvaa, kula mezani, kazi ya mikono, matembezi, mchezo, mapumziko, usingizi. Daktari Adolf Meyer wa Johns Hopkins, Baltimore, aliyefanya kazi naye, aliandika mwaka 1922 kwamba ugonjwa wa akili hauna budi kutazamwa kama tatizo la namna ya kuishi, na kwamba afya inategemea uwiano wa kazi, mchezo, mapumziko na usingizi. Tusiwapambe kupita kiasi. Hospitali zile zilikuwa kifungo kwa wengi, na ratiba iliyonyooka ilimfaa msimamizi wa wadi kama ilivyomfaa mgonjwa. Hata hivyo walifanya uamuzi wa msingi ambao fani haikupaswa kuusahau: kinachopangwa ni siku ya mtu, na kipindi cha tiba ni sehemu ndogo tu ya siku hiyo.

Ni Meyer huyohuyo aliyemleta daktari Leo Kanner Johns Hopkins, ambako Kanner alianzisha kliniki ya watoto mwaka 1930. Miaka minane baadaye akaletewa mvulana kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Huyo ni Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika makala ya mwaka 1943 ambamo Kanner alieleza hali za watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu. Kabla ya safari hiyo baba yake alikuwa amemtumia daktari barua ya kurasa 33 zilizopigwa chapa, akieleza mtoto anakula vipi, anacheza nini, anarudia maneno gani, nini kinamtisha na nini kinamtuliza. Sehemu kubwa ya maelezo ya kwanza ya usonji katika tiba ya Marekani ilijengwa juu ya barua ya mzazi. Kanner alikuwa na jicho kali. Katika watoto wake aliona hofu ya kelele na ya vitu vinavyojongea, shida za chakula, na hamu kubwa ya kila kitu kubaki kilivyo. Hayo ni mambo ambayo mtaalamu wa tiba kazi wa leo angeyaandika kwenye ukurasa wake wa kwanza wa tathmini. Lakini makala ile ilieleza bila kutibu. Haikutoa mpango.

Mpango aliutoa mkulima na mkewe. Donald alikuwa amewahi kuwekwa katika taasisi akiwa mdogo, kwa ushauri wa madaktari, na wazazi wake wakamtoa baada ya takriban mwaka mmoja. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, walimpeleka kuishi na wenzi wawili waliolima shamba la kupanga, yapata maili kumi kutoka nyumbani. Kanner alipomtembelea huko mwaka 1945 alistaajabia busara ya watu wale. Mtoto alikuwa na shauku ya kupima kila kitu, wakamchimbisha kisima na kumtaka aripoti kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kukoma, wakamwachia aihesabu huku akiilima kwa farasi na plau. Alikuwa akikusanya ndege waliokufa, wakampa mahali pa kuwazika na kuweka alama za makaburi. Hakuna aliyejaribu kuifuta shauku. Waliitafutia mahali katika kazi za siku, na kazi ikampa stadi, nguvu za mwili, na nafasi miongoni mwa watu. Kanner alisimulia haya kwa kirefu mwaka 1971, alipofuatilia maisha ya watoto wale 11, na katika ripoti hiyohiyo akaeleza kwa uchungu kwamba waliopelekwa katika hospitali kubwa za serikali walififia. Donald alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Itasemwa kwamba mfano mmoja haujengi hoja, tena mfano wa mtoto wa ukoo uliomiliki benki katika mji wake. Pingamizi hilo ni la haki. Hatuwezi kujua Donald angekuwaje bila shamba lile, na fedha ya familia ilimfungulia milango ambayo mtoto wa kibarua asingefunguliwa. Lakini kinachojitokeza hapa hakitegemei fedha. Wakulima wale walikuwa wapangaji wa ardhi, hawakuwa na shahada wala chumba cha vifaa. Walikuwa na muda, kazi halisi ya kumpa mtoto, na macho ya kumwona. Linalothibitishwa na utajiri wa akina Triplett ni jambo jingine: kwamba familia nyingi zisingepata nafasi hiyo kwa bahati, na hivyo ingebidi idaiwe kama haki.

Kabla ya haki hiyo kudaiwa, hali ilizidi kuwa mbaya. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilitawala imani kwamba mama mwenye moyo baridi ndiye anayesababisha usonji. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya bweni ya Chuo Kikuu cha Chicago, aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1967, na tiba iliyofuata mantiki hiyo ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake. Hapa nadharia ilitangulia na mtoto akafuata, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko makosa ya kisayansi ya kawaida. Aliyejua mtoto anaamkaje na anakula nini alifanywa mshitakiwa. Na mshitakiwa haulizwi malengo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini na baba wa mtoto mwenye usonji, aliijibu imani hiyo kwa kitabu cha mwaka 1964 kilichoonyesha kwamba chanzo ni cha kimaumbile, na mwaka 1965 akashirikiana na wazazi wenzake kuunda chama cha kitaifa. Katika muongo uliofuata wazazi wa watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali walikwenda mahakamani, Pennsylvania na Washington, kudai watoto wao wasifungiwe nje ya shule.

Mashitaka hayo ndiyo yaliyozaa sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975, na ndani ya sheria hiyo ndimo ilimofungwa karatasi ninayoizungumzia. Iliagiza kila mtoto mwenye ulemavu anayestahili elimu maalumu aandikiwe mpango wake binafsi, ukieleza kiwango alichopo, malengo ya mwaka, hatua za kuyafikia, huduma atakazopewa, na vigezo vya kupima maendeleo. Na wazazi wawe sehemu ya kikao kinachouandika. Tiba kazi ilitajwa kwa jina miongoni mwa huduma zinazomwezesha mtoto kufaidika na elimu, na wataalamu wengi wakaingia mashuleni. Mwaka 1986 utaratibu ukashushwa hadi kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, kwa mpango uliobeba jina la familia, kwa kuwa mtoto wa umri huo hana shule wala kazi nje ya nyumba yake. Usonji ulipata kundi lake katika sheria mwaka 1990. Anayeona malengo yaliyoandikwa kwa tarehe na kipimo kama mali ya daktari, basi ajue kwamba yaliwekwa hivyo ili mzazi aweze kuyadai.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, bila Jean Ayres, karatasi hiyo ingekuwa na nini cha kusema kuhusu usonji? Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Kalifornia aliyefariki mwaka 1988, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi ubongo unavyopanga habari za mguso, za mizani ya mwili, na za misuli na viungo. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilibadilisha fani, na bembea, mbao za magurudumu na mablanketi ya kukandamiza mwili vikawa alama ya vyumba vya tiba kwa watoto. Deni letu kwake ni kubwa, nami silipunguzi. Mtoto anayelia akivalishwa shati jipya, aliyekuwa akichapwa kwa ukaidi, alipata mtu wa kueleza kwamba kitambaa kinamuumiza. Mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliingiza tofauti za hisi katika vigezo vya usonji, na hapo macho ya Ayres yalithibitika. Ila kuona sababu ya kilio na kuwa na tiba yake ni mambo mawili. Utafiti wake yeye na Linda Tickle wa mwaka 1980 ulikuwa na watoto kumi tu. Jaribio la mwaka 2014 lililokuwa na watoto 32 lilionyesha maendeleo makubwa zaidi kwa waliopata tiba ya hisi, na kipimo chake kikuu kilikuwa malengo ya maisha ya kila siku yaliyowekwa pamoja na wazazi, wazazi ambao walijua mtoto yupo kundi gani. Jaribio kubwa la Wales na Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, lenye watoto 138, halikukuta nafuu ya tabia iliyozidi ile ya huduma za kawaida.

Kwangu ushahidi huo hauamuru bembea zitupwe. Unaamuru zishuke cheo. Mpango unaosema “atapata vipindi viwili vya hisi kwa wiki” umetaja kifaa ukasahau kazi. Unaosema “atakaa na wenzake wakati wa chakula kwa dakika kumi bila kuziba masikio” umempa mtaalamu uhuru wa kujaribu bembea, au kuhamisha meza mbali na jiko la kelele, na umempa mama namna ya kuona kama kitu kimebadilika. Wafuasi wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas, aliyetangaza mwaka 1987 kwamba tisa kati ya watoto 19 waliofundishwa saa 40 kwa wiki walifikia kiwango cha wenzao, wataniambia kwamba wao ndio waliofundisha dunia kupima. Kweli walisisitiza kuhesabu. Lakini saa 40 kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka minne zinakula siku ileile iliyopaswa kupangwa, na watu wazima wenye usonji wamesema wazi kwamba baadhi ya yaliyohesabiwa, kama kutazama machoni na kutulia mikono, yaliwafaa watazamaji kuliko wao.

Hoja hii inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu wataalamu wanaofunzwa katika vyuo vya KMTC Nairobi na KCMC Moshi wameirithi karatasi ileile, na ni wachache mno kwa watoto waliopo. Mpango wa kunakili unaoweka lengo la kijiko na uma, kwa mtoto wa nyumba inayokula ugali kwa mkono, unampotezea miezi. Mtoto huyo anahitaji lengo la kuvumilia ugali unaonata vidoleni, la kuoga kwa maji ya ndoo bila kupiga kelele, la kwenda choo cha nje usiku, la kupanda daladala. Yupo atakayesema kwamba kumkabidhi mzazi mpango ni kumtwika kazi ya serikali, na mara nyingi mzazi huyo ni mama peke yake anayeuza genge toka alfajiri. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake si kumwondoa mama kikaoni. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshwaji wa makuzi, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na wasio wataalamu. Yanafundisha mawasiliano na stadi kupitia mchezo na kazi za kawaida za nyumbani. Hayo yanaweza kubebwa na zahanati ya kata. Mtaalamu mmoja wa tiba kazi katika hospitali ya mkoa hawezi kuona kila mtoto kila wiki, lakini anaweza kuwasimamia wawezeshaji, kuwapokea watoto walio na ugumu zaidi, na kukaa na mlezi saa moja kamili kabla ya kuandika lengo lolote, akimsikiliza aeleze siku ya mtoto tangu anapoamka hadi anapolala.